Disketi Tatu za Amana

Nilizifuta mimi. Si panya, si unyevu, si mtoto aliyezikalia. Mimi, kwa kidole hiki hiki kinachoandika hapa.

Najua wanaoungama kwenye ukurasa huu huwa wamechukua waume za watu au wameuza shamba la yatima. Mimi nimefuta mchezo wa kompyuta. Cheka. Cheka umalize, kisha usome. Nikifika mwisho kicheko kitakuwa kimekutoka, na wala sitakuomba radhi wewe. Wa kuombwa radhi namjua, na anajijua.

Kisomo changu ni kidogo, niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililivuka kwa rehema. Lakini naandika daftari kila siku tangu ujana, hata siku isiyo na jambo. Mengi ya humu yametoka daftarini. Pale daftari na kichwa changu vinapogombana nitasema, maana mimi mwenyewe sijiamini sana.

Majina nimebadilisha. Chama sikitaji. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, na Pemba kila kitu kilikuwa na chama: duka, gari, kisima, hata salamu. Mimi nilikuwa upande wa wengi kijijini kwetu. Hapo panatosha. Upande wa wengi ni pahala pazuri pa kufanyia dhambi, hutambulikani!

Kazi yangu ilikuwa kuchukua samaki kwa baiskeli kutoka diko la Tumbe, wanaposhukia wavuvi, mpaka sokoni Konde. Njiani palikuwa na nyumba ya Mzee Nassor, na ubavuni mwake duka lake. Babu zake walitoka Oman, walikuwa na mikarafuu usiyoweza kuimaliza kwa macho. Yeye alibakiwa na duka tu. Aliuza sabuni, madaftari, betri, na vitu vya kompyuta ambavyo hakuna mwengine kaskazini kote aliyekuwa navyo.

Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa mteja wangu wa kila asubuhi. Nikifika nyumbani kwake napiga kengele ya baiskeli mara mbili, naye anatoka na bakuli lake.

"Chei chei, Bi Zuwena," namwamkia.

"Umeniletea nini leo, mwanangu? Au umeniletea macho tu?"

Kijana wao, Hamadi, alikuwa rika langu. Kaka yake aliyekuwa Muscat alimpelekea kompyuta iliyochakaa na boksi la disketi. Humo ndani mlikuwa na disketi tatu, nyeusi, kila moja ina karatasi nyeupe aliyoiandika Hamadi kwa wino wa kijani: Ya Kwanza, Ya Pili, Ya Tatu.

Huo mchezo wengi mnaujua, hata kama hamkuucheza. Ni ule wa kutembea ndani ya majumba na bunduki, huoni sura yako, unaona mtutu tu mbele yako, na mazimwi wanakujia. Ulienea dunia nzima. Lakini disketi zetu hazikuwa na mchezo wenyewe. Zilikuwa na mchezo kabla haujawa mchezo! Watengenezaji walikuwa wanaujenga kidogo kidogo, na kila walipofika wakaweka pembeni kipande. Vipande hivyo havikuwa vya kuuzwa. Hamadi alijua Kiingereza, akanisomea maneno ya mwanzo kwenye kioo: hiki hakijamalizika, kisigawiwe mtu. Vilipenyaje mpaka ofisini kwa kaka yake, sijui, na sitazua.

Disketi ya Kwanza ilikuwa kichekesho. Mazimwi wamo, lakini wamesimama tu. Unawaendea, unawazunguka, unasimama mbele ya pua zao, hawafanyi kitu. Kuta nyengine hazikupakwa rangi. Milango mingine ukiigonga hakuna nyumba nyuma yake. Ya Pili ina bunduki nyengine na njia zaidi. Ya Tatu wameanza kutembea, tena ndipo tulipokimbia siku ya mwanzo, watu wazima wawili, tukaangusha kiti!

Tulicheza pamoja, kibodi moja. Hamadi alishika vibonye vya kwendea, mimi kibonye cha kupigia. Yeye miguu, mimi kidole. Huwezi kuamini jinsi watu wawili wanavyoweza kuwa mtu mmoja ndani ya jumba la mazimwi.

"Geuka! Geuka kulia!"

"Nimegeuka, yakhe, wewe ndo hupigi!"

"Napiga, kibonye kinateleza."

"Kinateleza kwa mafuta ya samaki changu! Nenda kaoshe mkono. Kibodi yangu inanuka soko la Konde."

Akaivisha kibodi mfuko wa nailoni kwa ajili yangu. Hakunifukuza, aliivisha mfuko.

Baadaye mchezo uliokamilika ukafika kisiwani, Hamadi akaunakili. Ulikuwa mzuri, lazima niseme haki. Ulikuwa na kasi, na damu tele. Lakini Hamadi aliurudia mara chache, kisha akarudi kwenye zetu. Alikuwa na daftari lake, anaandika kilichobadilika: chumba hiki kilikuwepo, kimeondolewa, mlango huu ulikuwa kushoto. Mimi daftari langu nilianza kwa kumuiga yeye. Hata hilo ni lake!

Kilichomshughulisha zaidi ni chumba kimoja chenye meza na viti. Katika mchezo uliokamilika hakikuwepo.

"Tazama," aliniambia. "Hapa walikusudia watu wakae. Wakabadili shauri, wakatoa viti, wakaacha bunduki peke yake."

"Wakae wafanye nini? Hapa ni vita."

"Sijui. Ndo maana nakipenda."

Ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yaliyokuja. Mzee Nassor alikuwa chama kile chengine, cha serikali. Hakumtukana mtu, hakumpiga mtu, alitundika bendera yake tu, kama sisi tulivyotundika yetu. Kwa haki niseme pia kwamba watu wetu walikuwa na machungu ya kweli, kuna walioachishwa kazi, kuna waliopigwa. Machungu hayakuwa ya kuzua. Lakini waliotupiga walikuwa mbali na wana magari. Mzee Nassor alikuwa karibu, na ana ndara.

Duka lake likaanza kurushiwa mawe. Siku hiyo Hamadi akanijia kwetu kwa mguu, na disketi tatu ndani ya kanzu.

"Niwekee. Kwako hawatarusha."

"Kwa nini mimi?"

"Nimpe nani?"

Nikazipokea kwa mikono miwili. Amana. Anayesoma Kurani hata juzuu moja anajua neno hilo lina uzito gani. Nikazifunga kwa kitambaa, nikaweka juu ya kabati.

Sasa sikiliza ujinga wetu, maana nadhani hapa duniani ni sisi tu tungeweza kuufanya.

Barza yetu, kijiwe cha wanaume kilichokaa kwa Makame fundi cherehani, iliamua kususia. Watu wa chama kile wasiuziwe, wasinunuliwe, wasiamkiwe, wasizikwe. Na kwa kuwa tulikuwa watu wa kisasa, Makame akataka orodha ichapwe kwa kompyuta. Akaazima kompyuta, ikawekwa pale pale baina ya vitambaa. Mtu wa kuichapa mimi, maana ndiye pekee niliyejua. Nilifundishwa na nani? Na Hamadi!

Nikachapa. Nilipomaliza, Makame akauliza, "Sasa unaihifadhi wapi?"

"Inataka disketi."

"Zinauzwa wapi?"

Wakatazamana. Disketi zilikuwa zinauzwa kwa Mzee Nassor peke yake, na Mzee Nassor ndilo jina la kwanza kwenye orodha ya wasiouziwa wala kununuliwa!

Wallahi, tungecheka siku ile, tungecheka vizuri kama wanaadamu, pengine yote yangeishia pale. Hakuna aliyecheka.

Makame akasema, "Wewe huna hata moja kwenu?"

Sitasema walinilazimisha. Hapana. Waliniomba. Nilikuwa na mdomo, na neno "sina" lina herufi nne tu. Nilipanda baiskeli mwenyewe, nikaenda, nikarudi na ile ya Kwanza. Daftari linasema ilikuwa Jumatatu. Mimi nakumbuka Jumanne. Nafuata daftari.

Kabla ya kufuta, kompyuta inauliza kama una hakika. Inauliza kwa Kiingereza, lakini swali hilo Hamadi alishanifundisha. Hata mashine iliniuliza! Nikajibu ndiyo.

Siku ya pili Makame akataka nakala ya kupeleka Micheweni. Nikaleta ya Pili. Aliomba, nikampa.

Ya Tatu hakuna aliyeniomba. Hili ndilo ungamo langu, mengine ni njia ya kufikia hapa. Makame aliniambia, "Ahsante, kijana, umetusaidia sana," na wazee wa barza wakaniitikia kwa vichwa, mimi mbeba samaki ambaye hawakuwahi kumsogezea hata mkeka. Nikatamani waniitikie tena. Nikasema, "Ninayo nyengine, tupeleke na Wete." Nikaitoa mwenyewe, nikaifuta mwenyewe, nikaandika juu yake orodha: Nassor, Hamadi, Zuwena, na wengine chini yao. Jina la Bi Zuwena nililichapa bila kosa hata moja.

Kuanzia hapo nikawa napita nyumba ile bila kugusa kengele. Siku za mwanzo alitoka na bakuli. Alidhani sijamuona. Kisha akawa anasimama mlangoni bila bakuli. Kisha mlango ukawa umefungwa.

Haukupita mwaka, Bi Zuwena akafa. Aliugua tumbo.

Nilikuwa njiani kwenda Konde, tenga limejaa, jua limekuwa kali. Nikaona jeneza linatoka. Kwetu jeneza linakwenda kwa kupokezana, mnajua. Hatua kumi na mwengine anaingia bega, hatua kumi na mwengine, watu wanagombania thawabu, maiti hafiki makaburini isipokuwa amepita mabegani mwa kijiji kizima. La Bi Zuwena lilikuwa na watu wanne. Mzee Nassor mwenyewe, na umri ule! Hamadi. Ami yake aliyetoka Chake Chake. Na wa nne dereva wa gari la mizigo, mtu wa Unguja, hajui hata anamzika nani, alisimamisha gari kwa kuona aibu. Walikwenda vile vile wanne, hakuna wa kuwapokea, na makaburi yako mbali.

Ndara moja ya Mzee Nassor ikamvuka mguuni. Hakusimama kuivaa, angesimamaje? Akaenda mguu mtupu.

Mimi nilikuwa pembeni ya njia, nimeshika usukani wa baiskeli. Bega langu lilikuwa zima. Nikajiambia samaki wataharibika. Nilijiambia hivyo kwa sauti, kama ninayemjibu mtu. Lilipopita nikapanda baiskeli, nikaizunguka ile ndara, nikaenda sokoni. Samaki nikawauza wote.

Baada ya khitma, Hamadi alikuja dikoni. Watu wamejaa, mnada wa asubuhi unaendelea.

"Assalaam alaykum."

Wachache walijibu, chini kwa chini, kwani kuitikia salamu ni wajibu na orodha ni orodha.

Akaja moja kwa moja kwangu. "Nimefuata amana yangu. Nasafiri."

"Amana gani hiyo?" mchuuzi mmoja akadakia. "Dhahabu au papa mkavu?"

Wakacheka.

"Disketi tatu," alisema Hamadi.

"Ndo zipi hizo, zinaliwa na muhogo?"

Wakacheka zaidi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu kidogo.

"Sina," nikasema.

"Zimepotea?"

"Sina tu."

"Kama zimepotea, sema zimepotea. Kama umezifuta, sema umezifuta."

Akanitazama mkono wa kulia, ule wa kupigia. Akasema taratibu, nisikie mimi tu:

"Siku ile njiani nilikuona. Ulisimama kama wale wa Disketi ya Kwanza."

Akaondoka. Wiki ile ile akaenda Muscat.

Gharama yake? Nilipoteza rafiki, na sikupata mwengine. Barza waliniitikia kwa vichwa labda mwezi mmoja, kisha wakasahau kama nipo. Kwenye foleni ya samaki nikarudi nyuma kule kule. Wakubwa wa vyama wakapatana, wakapeana mikono, wakala biriani. Makame leo ananunua uzi kwenye duka lile lile, wanataniana na mdogo wake Hamadi anayeliendesha, kana kwamba pale hapajawahi kurushwa jiwe. Orodha haijulikani iliishia wapi. Nakala nilizozitoa kwenye karatasi zilisambaa, lakini disketi zenyewe zilinirudia mimi, maana hakuna mwengine aliyejua kuzifungua. Nikazifunga kwa kitambaa kile kile.

Mwaka jana binti yangu, ambaye ni mwalimu, alinionesha kwenye simu yake. Kumbe ulimwenguni kuna watu kazi yao ni kutafuta michezo ya zamani ilipokuwa haijamalizika! Wamevikusanya vipande vile vyote, wanavitembelea kama makumbusho, wanasema hiki kiliondolewa, hiki kilihamishwa. Vile vile alivyofanya Hamadi kwa wino wa kijani, Pemba, kabla yao! Nikaona mazimwi waliosimama. Nikaona ile meza na vile viti.

"Simamisha hapo," nikamwambia binti yangu.

"Baba, unalia?"

"Simamisha hapo, nimesema."

Sasa kuna sauti ndani yangu ikaniambia: basi kumbe havikupotea, hujamdhulumu mtu. Nimeipima sauti hiyo siku nyingi, kwa sababu nataka kuwa mwadilifu hata kwa nafsi yangu. Nimeikataa. Kurani zimejaa duniani, lakini ukichana niliyokuwekesha umechana yangu.

Idd iliyopita Hamadi alikuja. Nilikwenda kwao na kile kitambaa. Ndevu zimekuwa nyeupe. Akanipa mkono, akaunusa wake baadaye.

"Bado unanuka changu," akasema.

Nikacheka, nikadhani yamekwisha. Nikafungua kitambaa. Maandishi ya kijani yamefifia lakini yanasomeka.

"Ndani mna nini?"

"Majina."

"Langu limo?"

"La pili."

"Na la mama?"

"La tatu. Nilichapa mimi. Nilifuta mimi. Na ya mwisho sikuombwa, niliitoa."

Akazigusa disketi moja moja. Kisha akasema, "Disketi nimekusamehe. Zile zilikuwa za wizi tangu mwanzo, kaka yangu hakupewa ruhusa. Majina, bado. Baba alirudi kutoka makaburini na mguu unatoka damu. Hilo usiniharakishe."

"Sikuharakishi."

"Ya Kwanza na ya Pili nachukua. Ya Tatu kaa nayo wewe."

Ninayo. Iko hapa mezani ninapoandika.

Nimemwambia Makame kwamba nitaandika haya. Akasema, "Yakhe, unafukua nini? Mchezo tu ule wa watoto." Wengine wamenitumia ujumbe niwache, ati naamsha yaliyolala. Shehe mmoja, mtu mwema, alinambia michezo ya bunduki ndiyo iliyotuharibia nyoyo zetu. Namheshimu Shehe, lakini hapana! Miaka miwili tulipiga bunduki zile na hatukuumiza hata kuku. Kilichoumiza ni karatasi safi iliyopangwa majina vizuri, na niliipanga mimi. Siwachi. Aliyelala na aamke. Na ukinitenga kwa kuandika haya, nitenge, najua orodha zinavyoandikwa, nitakusaidia na herufi za jina langu.

Asubuhi nikipita nyumba ile napiga kengele mara mbili. Hamadi hajaniambia nipige, wala hajaniambia niache.

Nawe uliyefika hapa, sikupi mawaidha marefu, sina elimu hiyo. Ukiombwa kitu cha amana, sema huna. Ukisifiwa kwa ulichokitoa, usitoe cha pili. Na ukikuta jeneza njiani, la chama chako, la chama chao, la mtu usiyemjua, usisimame kushika usukani. Laza baiskeli chini, tia bega. Samaki wameshakufa, watangoja.